UZI: "Pakia mfumo upya" ina maana tatu. Tukubaliane istilahi za kusakinisha na kupakia mfumo endeshi kwenye seva stahimilivu

shehena · #1

Wakuu, salaam.

Hoja yangu ni ya maneno, ila matokeo yake ni ya mikono. Fundi akiandikiwa "pakia mfumo upya" kwenye seva ya kawaida akaelewa sivyo, atapoteza saa kadhaa. Kwenye seva stahimilivu, yaani ile iliyojengwa iendelee kutoa huduma hata kifaa kimoja kikifa, kosa hilohilo linaweza kufuta upande uliokuwa na data sahihi.

Kwa sasa sentensi hiyo inatumika kwa maana tatu. Kwanza, zima uwashe ili kiini (kernel, sehemu ya msingi ya mfumo endeshi) kisomwe tena kutoka diski. Pili, futa diski uweke mfumo mpya, kile ambacho wengi wetu tunakiita "kupiga windo". Tatu, na hii ni ya mashine za NonStop, aina mojawapo ya seva stahimilivu, rudisha kazini prosesa moja iliyosimama huku nyingine zikiendelea na shughuli. Ya kwanza inasimamisha huduma kwa dakika kadhaa, ya pili inaangamiza diski, ya tatu haigusi huduma kabisa.

Kiswahili kimeshatupa tofauti tunayoihitaji, tukiyasikiliza maneno yenyewe. Kusakinisha kunatokana na kusakini, kukaa mahali. Ndugu yake ni maskani. Kinachosakinishwa kinapewa makazi: kinaandikwa kwenye diski, na umeme ukikatika utakikuta palepale. Kupakia ni neno la shehena na chombo. Jahazi hupakiwa kwa safari moja, likifika shehena inashuka. Kiini nacho kinapakiwa kutoka diski kwenda kwenye memori, na mashine ikizimwa hakuna kilichobaki humo. Basi "kusakinisha" liwe la kinachobaki na "kupakia" liwe la kinachopotea.

Neno la tatu ni kulandanisha: kunakili hali ya upande ulio hai kwenda upande mgeni mpaka ziwe sawa. Kwenye seva hizi ndilo neno lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu lina mwelekeo. Asiandike mtu "landanisha diski mbili". Aandike "landanisha kutoka diski 0 kwenda diski 1".

Wanaoshika mashine za aina nyingine waseme.

---

mwendo_kwata · #2

Nakuunga mkono mkuu shehena, na naongeza swali la kuuliza kabla ya kuchagua neno lolote: kwenye mashine hii, mfumo unapakiwa mara ngapi?

Ziko familia tatu, na kila moja ina jibu lake.

Familia ya kwanza ni ya mwendo wa kwata: Stratus ftServer, NEC Express5800/ft na wenzao. Moduli mbili kamili, kila moja na prosesa zake na memori yake, zinatekeleza amri ileile kwenye mpigo uleule wa saa, kama askari wawili gwarideni. Mfumo endeshi unaona mashine moja tu. Hapa mfumo unapakiwa mara moja. Moduli ya pili haipakii chochote kutoka diski. Inaingia ikiwa tupu, maunzi yanaimwagia memori ya mwenzake, kisha inaanza kupiga hatua naye. Ndiyo maana sentensi "buti moduli 1" haina maana kwenye mashine hizi. Moduli 1 *inalandanishwa*.

Familia ya pili ni NonStop, iliyoanzia Tandem. Mashine yao ya kwanza ilitoka 1976. Prosesa hazishirikiani memori. Kila moja ina nakala yake ya mfumo, kwa hiyo mfumo unapakiwa mara nyingi kama zilivyo prosesa. Ustahimilivu unatoka kwenye jozi za michakato: mkuu anafanya kazi, msaidizi anapokea alama za hali (nakala ya mkuu alipofikia), mkuu akifa msaidizi anapokea kijiti.

Ya tatu ni ustahimilivu wa mashine pepe, kama ule wa VMware. Mfumo mgeni, yaani ule wa ndani ya mashine pepe, unapakiwa mara moja kwenye mwenyeji (mashine halisi) wa kwanza, kisha hali yake inatumwa mfululizo kwa mwenyeji wa pili. Hadi vSphere 5 uliruhusiwa prosesa pepe 1 tu kwa mashine, toleo la 6.0 likafikisha 4, la 6.7 likafikisha 8.

Kuna jambo linalosahaulika sana hapa. Kwata inakulinda dhidi ya maunzi mabovu, haikulindi dhidi ya kiini kibovu. Kiini kikianguka, kinaanguka pande zote mbili kwenye amri ileile, kwa sababu ni kiini kimoja. Jozi za michakato zina nafuu kidogo hapo: Jim Gray, akiwa Tandem mwaka 1985, alieleza kwamba kasoro nyingi za programu zilizofika kazini ni za kupita, ukijaribu tena kwenye hali tofauti kidogo hazijirudii. Msaidizi hayuko kwenye hali ileile kabisa ya mkuu, ndiyo maana mara nyingi ananusurika.

---

raki_ya_tatu · #3

Swali kwa mwendo_kwata. Wakati wa kusakinisha mfumo kwenye mashine za kwata, moduli zote mbili ziwe zimechomekwa, au moja iwekwe pembeni? Nimeona miongozo inayosema moja iondolewe, haielezi kwa nini.

---

mwendo_kwata · #4

Moja iondolewe. Sababu ni kwamba kinachojua habari za upacha si mfumo endeshi wenyewe, ni programu ya udhibiti inayosakinishwa *baada* ya mfumo. Kabla ya hapo, kisakinishi kinaona vifaa vingi kuliko kinavyopaswa kuona: diski mbili zinazofanana, kadi za mtandao mara mbili. Kitachagua moja kwa utaratibu wake, na huenda isiwe uliyoikusudia.

Mpangilio ni huu. Mwongozo wa modeli yako ukisema tofauti, ufuate huo.

Kabla ya yote linganisha moduli mbili: toleo la femuwea (programu iliyomo ndani ya maunzi yenyewe), kiasi cha memori na mpangilio wake kwenye nafasi, aina ya prosesa. Kwata haikubali "karibu sawa". Toleo la femuwea likipishana, moduli ya pili ama itakataliwa ama itabidi isasishwe kwanza kutoka kwa mwenzake, na ni bora ulijue hilo kabla hujaanza.

Kisha acha moduli 0 peke yake, na diski moja kwenye nafasi ya kwanza. Chomoa nyaya za hifadhi ya nje. Hili la nyaya lichukuliwe kwa uzito: kisakinishi kikiona diski ya mtandao wa hifadhi kinaweza kuweka kipakiaji (programu ndogo inayopakia kiini) huko, na hutajua mpaka siku hifadhi ile itakapochelewa kuwaka.

Ingia kwenye mipangilio ya femuwea, zima kile kipima muda kinachosubiri mfumo uripoti kuwa umeamka. Kazi yake ya kila siku ni kuiwasha upya seva ambayo mfumo wake umekwama wakati wa kupakiwa. Wakati wa kusakinisha hakuna mfumo wa kuripoti, kwa hiyo muda ukiisha kitaizima mashine katikati ya kunakili mafaili. Ukiona usakinishaji unakatika kila mara baada ya muda uleule, usihangaike na imeji wala diski. Angalia hapo kwanza.

Sakinisha mfumo, toleo lilelile lililoidhinishwa. Kwenye Linux usikimbilie kusasisha kiini. Moduli za kiini za programu ya udhibiti (vipande vya programu, si moduli za maunzi) zinajengwa kwa ajili ya kiini maalumu. Ukipandisha kiini peke yake, seva itabuti vizuri tu, lakini upacha hautakuwepo.

Sakinisha programu ya udhibiti, washa upya. Sasa ndipo urudishe moduli 1. Subiri. Kunakili memori kunafanyika nyuma ya pazia wakati kazi zinaendelea, halafu mwishoni mashine inasita kidogo ili kurasa zilizobadilika wakati wa kunakili nazo zivuke. Baada ya hapo weka diski ya pili, jenga kioo (diski mbili zenye nakala ileile), oanisha kadi za mtandao. Mwisho kabisa rudisha kile kipima muda. Hicho nacho husahaulika, na seva inabaki bila mlinzi.

Kazi haijaisha mpaka kila kifaa kisomeke DUPLEX. Mimi naita hali hiyo hali pacha, na SIMPLEX, upande mmoja tu ukiwa kazini, naita hali pweke.

---

nahau_za_kazi · #5

Hali pacha na hali pweke, nimeyapenda. Yanaeleweka bila maelezo.

Naomba niongeze maneno mawili yanayotuchanganya, ambayo shehena hajayagusa.

La kwanza ni pakua. Kwa kanuni ya lugha, kiambishi -ua kinatengua: funga/fungua, pakia/pakua. Kwa hiyo kupakua ni kutoa shehena chomboni. Lakini matumizi ya intaneti yamelifanya liwe kuleta faili kutoka mtandaoni. Sasa chukua sentensi "pakua draiva ya kadi ya mtandao". Mmoja ataingia mtandaoni kuitafuta faili. Mwingine ataitoa draiva kwenye kiini kinachofanya kazi kwa `modprobe -r`, na kadi itazimika wakati huohuo. Kwa kuwa maana ya intaneti imeshazoeleka, tuiache ikae. Kwa kutoa kwenye memori tuseme kushusha: shusha draiva, shusha moduli ya kiini.

La pili ni funga. Kufunga seva ni kuikaza kwenye raki kwa skrubu, na pia ni kuisimamisha. Kufunga programu ni kuisakinisha, na pia ni kuisitisha. Neno moja limebeba kitendo na kinyume chake. Hati ya usakinishaji isilitumie hata mara moja. Kuna kukaza kwenye raki, kuna kusakinisha, kuna kusitisha, kuna kuzima, na kila moja liko tayari kwa kazi yake.

---

raki_ya_tatu · #6

Na "kubuti" je? Wengine wanalikataa, wanataka "kuwasha". Mimi naona linafaa.

---

nahau_za_kazi · #7

Linafaa, na ni tofauti na kuwasha. Kuwasha ni umeme. Kubuti ni mnyororo mzima kuanzia femuwea inapopokea umeme mpaka mfumo unapokuwa tayari kupokea watu. Seva inaweza kuwa *imewaka* na *haijabuti*, na hiyo ndiyo ripoti inayomsaidia anayepigiwa simu usiku.

Minyambuliko inaitika vizuri pia: seva inabuti, fundi anaibutisha, diski inabutika au haibutiki. Hilo la mwisho ni la thamani kubwa kwenye diski za kioo, maana diski inaweza kuwa na data yote na bado isibutike.

---

nodi16 · #8

Nitazungumzia NonStop tu, kwa sababu huko neno "baridi" linapotosha watu waliotoka kwenye seva za kawaida.

Kwa kawaida kuwasha kwa baridi ni kukata umeme na kurudisha, na kuwasha kwa moto ni kuanza upya bila kukata umeme. Kwenye Linux kuna hata njia ya tatu, `kexec`, ambapo kiini kinachofanya kazi kinapakia kiini kingine na kukikabidhi mashine bila kupita femuwea.

Kwenye NonStop ubaridi hauhusu umeme. Upakiaji baridi ni ule wa prosesa ya kwanza, wakati hakuna nyingine iliyo hai. Unafanyika kwenye prosesa 0 au 1, na mfumo unasomwa kutoka diski ya $SYSTEM, ambayo yenyewe ina kioo. Ukishapata prosesa moja hai, zilizobaki hazisomi diski. Zinapelekewa mfumo kutoka kwa ile iliyo hai, kupitia mtandao wa ndani, kwa amri ya RELOAD. Nodi moja ina hadi prosesa 16, kwa hiyo kuamsha nodi kamili ni upakiaji baridi mmoja na urejeshaji hadi 15.

Kwa sababu hiyo napinga RELOAD isiitwe "kupakia upya". Napendekeza kurejesha prosesa. Opereta akisoma "rejesha prosesa 3" hawezi kudhani anaambiwa aisimamishe nodi nzima. Akisoma "pakia upya", anaweza.

Usakinishaji nao una tabia yake. Mfumo mpya hauandikwi juu ya ule wa zamani. Unajengwa kwenye eneo jipya la diski, kwa mfano SYS02 kando ya SYS01, na siku ya kupakia ndipo unachagua namba. Mambo yakienda kombo, unapakia kutoka SYS01 na umerudi ulikokuwa. Kwa hiyo huko kusakinisha hakubadilishi chochote kinachofanya kazi mpaka mtu apakie. Hati inapaswa kuwa na mistari miwili tofauti, ya siku mbili tofauti: "sakinisha kwenye SYS02", kisha "pakia kutoka SYS02".

Mwenye kupakia anachagua pia faili la usanidi. CONFIG ni la sasa. Yaliyohifadhiwa yana majina ya CONF na tarakimu nne. CONFBASE ni la msingi kabisa. CONFBASE liachwe kwa hali ambayo mengine yote yamekataa, kwa sababu ukilitumia vifaa vingi ulivyosanidi havitaonekana, na atakayefuata atadhani maunzi yamekufa.

---

shehena · #9

nodi16, "kurejesha prosesa" nimelipokea bila ubishi. Linaondoa moja ya maana tatu nilizoanza nazo.

Turudi kwenye seva za kawaida zenye diski za kioo, kwa sababu wengi humu ndiko waliko. Si seva stahimilivu kwa maana kamili, lakini kosa la maneno ni lilelile: watu wanasema "diski zina kioo" wakiamini kwamba kila kitu kina kioo. Kipakiaji mara nyingi hakina.

---

kioo_cha_md · #10

Hilo ni kweli kabisa, na linaonekana siku diski ya kwanza inapokufa na ya pili, yenye data yote, haibutiki.

Mnyororo kwenye mashine ya UEFI (femuwea ya kisasa) uko hivi: femuwea inasoma patisheni ndogo ya FAT32, inachukua humo kipakiaji, kipakiaji kinaleta kiini na initramfs (mfumo mdogo wa mafaili wa kuanzia) kwenye memori, kiini kinaunganisha kioo, mfumo unaanza. Femuwea haijui kioo cha Linux ni nini. Inajua FAT tu. Kwa hiyo patisheni hiyo ina njia mbili za kuilinda.

Njia ya kwanza ni kuiweka ndani ya kioo chenye metadata 1.0. Toleo hilo linaweka taarifa zake mwishoni mwa patisheni, hivyo femuwea ikisoma kuanzia mwanzo inaona FAT safi. Ukiiacha 1.2, ambayo ndiyo chaguo-msingi la `mdadm` (zana ya vioo ya Linux), taarifa zinakaa KiB 4 kutoka mwanzo, data inasogezwa mbele, na femuwea haitambui kitu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba femuwea au kifaa chake kikiandika kwenye patisheni ya diski moja, kioo hakitajua, na nakala mbili zitapishana kimyakimya.

Njia ya pili ni kuwa na patisheni mbili zinazojitegemea na kunakili ya kwanza kwenda ya pili kila kipakiaji kinaposasishwa. Mimi naipendelea hii, kwa sharti kwamba kunakili kufanywe na skripti ya kiotomatiki. Kukifanywa kwa mkono kutasahaulika. Proxmox, mfumo wa mashine pepe, kwa mfano imelifanya jambo hili kuwa amri moja, `proxmox-boot-tool refresh`.

Iwe njia ipi, sajili diski zote mbili kwenye femuwea:

`efibootmgr -c -d /dev/sdb -p 1 -L "diski-pili" -l '\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI'`

Kwenye mashine ya BIOS ya zamani: `grub-install` ipigwe kwa diski kila moja, na kama diski ni za GPT (jedwali la patisheni la kisasa) iwepo patisheni ya MiB 1 ya kipakiaji. Windows yenye kioo cha diski badilifu (dynamic disk) haiakisi patisheni ya UEFI. Unaitengeneza mwenyewe kwenye diski ya pili, kisha unaijaza kwa `bcdboot`.

---

raki_ya_tatu · #11

Na wakati wa kubadilisha diski iliyokufa, mwelekeo unahakikishwaje? Tuseme sda ndiyo nzima na sdb ni mpya.

---

kioo_cha_md · #12

Angalia kwanza `cat /proc/mdstat`. Kioo kizima kinaonyesha `[2/2] [UU]`. Kilichopungukiwa kinaonyesha `[2/1] [U_]`: herufi U ni upande ulio hai, kistari ni pengo. Kisha linganisha namba ya utambulisho wa diski kwa `smartctl -i` na ile iliyochapwa kwenye lebo yake. Majina sda na sdb yanaweza kubadilishana baada ya kuwasha upya, lebo haibadiliki.

Nakili jedwali la patisheni. Hapa macho yawe makini:

`sgdisk -R /dev/sdb /dev/sda`

Hii inanakili kutoka sda kwenda sdb. Shabaha inatangulia, chanzo kinafuata, kinyume na mazoea ya `cp`. Ukizigeuza unaandika jedwali tupu la diski mpya juu ya diski pekee iliyobaki na data. Baada yake `sgdisk -G /dev/sdb`, ili diski mpya ipate vitambulisho vyake.

Kisha `mdadm --manage /dev/md1 --add /dev/sdb2`. Hatua hii ni salama kwa mwelekeo, kwa kuwa anayeongezwa siku zote ni mpokeaji. Kinachoua watu ni `mdadm --create` kwenye diski zenye data. Hiyo inaunda kioo kipya, na mwelekeo unaamuliwa na mpangilio wa majina uliyoyaandika, si na data iliyo sahihi.

Muda nao uandikwe kwenye hati. Diski ya TB 1.2 kwa MB 100 kwa sekunde ni sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20. Lakini kiini kinazipa kazi za watumiaji kipaumbele, na kiwango cha chini cha kulandanisha kwa chaguo-msingi ni KiB 1000 kwa sekunde. Seva ikiwa na shughuli nyingi kiasi cha kushuka mpaka hapo, diski hiyohiyo itachukua zaidi ya siku 13 ikiwa katika hali pweke. Pandisha `/proc/sys/dev/raid/speed_limit_min` kwa makusudi, usiku, kisha uirudishe.

Hatua ya mwisho inayorukwa: patisheni ya kipakiaji ya sdb bado ni tupu. Inakili, isajili, halafu jaribu kubuti kutoka sdb wakati bado una nafasi ya kufanya hivyo.

---

mwendo_kwata · #13

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kusakinisha na kupakia vikiachana mbele ya macho yako. Unasakinisha draiva ya kidhibiti cha diski, unawasha upya, na Linux inaishia kwenye ganda la dharura la dracut (zana inayotengeneza initramfs) ikilalamika kuwa haioni diski ya mizizi. Fundi anaapa draiva imesakinishwa, na anasema kweli: ipo kwenye diski. Lakini ili kuisoma diski kiini kinahitaji draiva hiyohiyo, kwa hiyo lazima iwe ndani ya initramfs, inayopakiwa kabla diski haijaonekana. Imesakinishwa, haipakiwi.

Hakiki kwa `lsinitrd | grep` na jina la draiva, au `lsinitramfs` kwenye Debian na jamaa zake. Haimo? `dracut -f`, au `update-initramfs -u`. Ripoti ikisema "draiva imesakinishwa lakini haipakiwi" tatizo limeshatatuliwa nusu. Ikisema "draiva haifanyi kazi", kila mtu anaanza upya.

---

nodi16 · #14

Ombi moja dogo: tusiziite klasta "seva stahimilivu". Klasta ina mifumo miwili iliyosakinishwa mara mbili na kupakiwa mara mbili; nodi moja ikianguka, huduma inasimama, kisha inaanzishwa upande wa pili. Kuna pengo, hata likiwa la sekunde. Hiyo ni seva yenye upatikanaji wa juu.

Pia klasta ina ugonjwa ambao kwata haina: mawasiliano yakikatika kila nodi inajiona ndiyo mkuu, na mafahali wawili wanaandika kwenye diski moja. Dawa yake ni akidi, kura ya tatu inayoamua nani aendelee. Kwa hiyo ukisakinisha klasta ya nodi mbili bila shahidi wa tatu, usakinishaji haujakamilika.

---

shehena · #15

Nimezikusanya kama sentensi za hati ya kazi, kila moja ikitaja kinachotoka, kinapokwenda na kama huduma inasimama:

"Sakinisha mfumo kutoka imeji ya USB kwenda diski 0 ya moduli 0. Moduli 1 iwe nje. Diski 0 inafutika."

"Pakia mfumo kutoka diski 0. Huduma inasimama."

"Landanisha kutoka moduli 0 kwenda moduli 1. Huduma inaendelea, inasita kidogo mwishoni. Usichomoe moduli 0 mpaka hali isomeke pacha."

"Rejesha prosesa 3. Huduma inaendelea."

"Shusha draiva ya kadi ya mtandao ya pili. Kadi hiyo inazimika."

"Pakia upya" peke yake isionekane popote.

---

nodi16 · #16

Ya nne ina upungufu. Kabla ya kurejesha prosesa iliyosimama, nakili kwanza memori yake kwenye faili, kwa sababu kurejesha kunaandika juu ya memori hiyo na sababu ya kusimama inapotea nayo. Iandikwe: "Hifadhi memori ya prosesa 3 kwenye faili, hakikisha faili limekamilika, kisha rejesha prosesa 3."

---

shehena · #17

Nimeirekebisha, na nimeongeza mstari wa jina la faili.